Wakili wa kufilisika hapa Marekani: bei gani, na kwa nini wanataka pesa yote kwanza?

MamaTunu

Habarini za humu ndani ndugu zangu. Naomba ushauri kwa yeyote aliyepitia jambo hili au anayelijua kwa kazi yake.

Mume wangu aliugua mwaka jana, akalazwa mara mbili. Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, mshahara wa kawaida, nikawa nachukua ovataimu kila ninapoipata. Hata hivyo tumezidiwa. Kadi za mkopo zimefika kama dola 31,000, na hospitali bado inadai kama 14,000. Nyumba hatuna, tunapanga. Gari lipo, bado linalipiwa. Mdai mmoja alikwenda mahakamani, akapata hukumu, na sasa mshahara wangu unakatwa robo kabla haujanifikia.

Nimeonana na mawakili wawili. Wa kwanza anasema nifungue kesi ya Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika, ile ya kufutiwa madeni: ada yake dola 1,600, ya mahakama 338, na hafungui kesi mpaka nimalize kumlipa. Wa pili niliona tangazo lake limeandikwa "anza bila senti". Huyo anataka nifungue Sura ya 13, ile ya kulipa madeni kidogo kidogo kwa mpango, ada yake 4,500, lakini sitoi kitu leo. Nitakuwa nalipa 390 kwa mwezi kwa miaka 5, na ada yake itatoka humo humo.

Hapa ndipo ninapokwama. Mtu asiye na pesa atapata wapi pesa za kumwambia jaji kwamba hana pesa? Na huyu wa pili ananisaidia au ananifunga kamba?

DerevaWaUsiku

Pole sana dada, na mgonjwa wetu apone. Sina utaalamu, ila 1,600 kwa Sura ya 7 si bei ya ajabu. Nilikouliza mimi wengi walikuwa kati ya 1,000 na 2,000, na mjini ni ghali kuliko pembeni. Nafuatilia uzi huu.

KaraniWaWakili

Dada MamaTunu, pole kwa mitihani. Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili wa kesi hizi, nipo jimbo jingine na silo lako, kwa hiyo chukua haya kama maelezo ya ndugu, wakili wako ndiye wa mwisho.

Kwanza hilo la pesa kabla. Watu wengi hulichukulia kama ukatili, na naelewa uchungu wake. Sababu iko kwenye sheria yenyewe. Ukifungua Sura ya 7, karibu kila deni ulilokuwa nalo siku hiyo linaingia kwenye kapu la kufutwa, pamoja na deni la wakili. Akikufungulia kesi akiwa bado anakudai 800 zake, hizo 800 zinafutwa pamoja na kadi zako, na kukudai tena baadaye ni kosa. Zamani baadhi ya mawakili walitegemea kulipwa kutoka kwenye mali ya mdaiwa iliyo mikononi mwa msimamizi, yaani mtu anayeteuliwa kuisimamia kesi. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Lamie, ikasema hapana: kwenye Sura ya 7 wakili wa mdaiwa halipwi kutoka humo, isipokuwa ameajiriwa na msimamizi kwa idhini ya mahakama. Ndiyo maana tangu hapo wengi hutaka walipwe kabla.

Sura ya 13 ni tofauti. Pale kuna mpango wa malipo wa miaka 3 hadi 5, na ada ya wakili inaruhusiwa kulipwa ndani ya mpango, tena mbele ya wadai wa kawaida. Ndiyo maana mtu anaweza kutangaza "anza bila senti". Hajakufanyia hisani. Ameahirisha bili, na bili yenyewe ni karibu mara tatu.

Sasa tupige hesabu ya huyo wa pili. 390 mara miezi 60 ni dola 23,400. Humo mna 4,500 za wakili. Msimamizi wa Sura ya 13 naye huchukua asilimia yake, inayoweza kufika 10, yaani mpaka 2,340. Weka na ada ya mahakama 313. Zaidi ya dola 7,000 zimekwenda kwenye kuendesha kesi tu. Upande wa pili, Sura ya 7 ni 1,600 na 338, jumla 1,938, pamoja na kozi mbili ndogo nitakazozieleza, na kwa kawaida mambo yanaisha ndani ya miezi minne hivi.

Swali la kumuuliza huyo wa pili ni moja: "Kuna kitu gani kwenye hali yangu kinachonizuia Sura ya 7?" Akijibu kwa kukutajia namna ya kulipa badala ya sababu ya kisheria, umeshapata jibu lako.

BiRukia

Salamu wanangu. Karani ameeleza vizuri, lakini naomba tusiichafue Sura ya 13 kwa sababu ya matangazo. Mimi iliniokolea nyumba. Nilikuwa nyuma kwenye mkopo wa nyumba, benki imeshapanga siku ya mnada. Wakili akafungua kesi, na siku ile ile mnada ukasimama, kwa sababu ukishafungua karibu wadai wote wanazuiwa na sheria kuendelea kukukimbiza. Nikapewa miaka 5 kulipa yale malimbikizo kidogo kidogo huku naendelea na malipo ya kila mwezi. Sura ya 7 isingenipa nafasi hiyo, ingechelewesha mnada tu.

Ila MamaTunu hana nyumba. Kwa hiyo simuoni kwenye njia yangu. Na niseme ukweli, miaka 5 ni mirefu. Ukipoteza kazi katikati na mpango ukavunjika, kesi inafutwa, madeni yanarudi na riba yake, na ulichomlipa wakili hakirudi. Nimewaona watu ninaowafahamu wamefikwa na hilo, na mipango ya namna hii inayovunjika njiani ni mingi.

KaraniWaWakili

Shikamoo Bi Rukia. Umesema vyema kabisa. Nyumba yenye malimbikizo, mali ambayo sheria ya jimbo hailindi, kodi za serikali zisizofutika, au mtu aliyefutiwa madeni kwa Sura ya 7 iliyofunguliwa ndani ya miaka 8 iliyopita, hao ndio wenye haki ya kuambiwa habari za Sura ya 13. Na wale wenye kipato kikubwa.

Dada, hapo kwenye kipato una jambo la kuangalia. Tangu sheria ya 2005 kuna kipimo cha kipato. Wanachukua jumla ya kipato chako kabla ya makato, cha miezi 6 kamili iliyotangulia mwezi wa kufungua kesi, wanatafuta wastani, wanalinganisha na kipato cha kati cha jimbo lako kwa familia ya ukubwa wako. Ukiwa chini, umepita. Ukiwa juu kuna hesabu ndefu zaidi, bado unaweza kupita. Wewe umesema ulikuwa unachukua ovataimu nyingi. Kama ile miezi ya ovataimu imo ndani ya sita, unaweza kuonekana tajiri kwenye karatasi. Wakati mwingine kungoja mwezi mmoja, mwezi mnono ukatoka kwenye hesabu, kunabadilisha kila kitu. Wakili anayeifanya hesabu hii kabla ya kukutajia Sura yoyote ndiye wa kumpa pesa zako.

MamaTunu

Asanteni, Mungu awabariki. Karani, wa kwanza aliniomba hati za mshahara za miezi sita. Wa pili hakuomba hata moja, aliuliza tu kama naweza 390.

Ila swali langu la pesa bado. 1,938 nazitoa wapi huku robo ya mshahara inakatwa? Nina akiba ya kustaafu kazini, ya 401(k), kama dola 6,000. Nilifikiria niivunje.

KaraniWaWakili

USIIVUNJE. Samahani kwa herufi kubwa, lakini hili linaniuma kila ninapoliona. Akiba ya kustaafu ya kazini iliyo chini ya sheria ya ERISA wadai hawaigusi, na mahakama ya kufilisika nayo haiigusi. Ukiitoa unalipa kodi, na kama hujafika miaka 59 na nusu unaongezwa adhabu ya asilimia 10. Halafu pesa ile ile iliyokuwa salama inakuwa pesa ya kawaida benki. Watu wanakuja ofisini wameshatumia akiba yote kulipa kadi ambazo zingefutwa.

Wengi hupata pesa ya wakili kwa njia mbili. Wanapoamua kwa dhati kufungua kesi, na wakili akakubali, huacha kulipa kadi zitakazofutwa, na pesa waliyokuwa wanatupa huko kila mwezi wanaipeleka kwa wakili kwa awamu. Wengine hungoja marejesho ya kodi, ndiyo maana ofisi yetu hujaa mwezi wa pili na wa tatu. Marejesho hayo nayo ni mali yako machoni pa mahakama, kwa hiyo muulize wakili kabla ya kuyatumia, na kila ulichokitumia uwe na risiti.

Kuna na faida ya kuanza kumlipa kwa awamu ambayo watu hawaijui. Ukishampata wakili, kampuni ya kukusanya madeni ikikupigia, mpe jina lake na namba yake. Sheria inawataka wamtafute yeye, wakuache wewe. Simu zinapungua hata kabla ya kesi kufunguliwa.

Usichofanya: usikope ili umlipe wakili, wala usimlipe kwa kadi. Wakili mwenyewe sheria inamkataza kukushauri hivyo.

Ada ya mahakama unaweza kuomba kuilipa kwa awamu zisizozidi nne ndani ya siku 120. Kipato cha familia kikiwa chini ya asilimia 150 ya mstari wa umaskini wa serikali kuu, kwenye Sura ya 7 unaweza kuomba usamehewe kabisa, uamuzi ni wa jaji. Zile kozi mbili, moja kabla ya kufungua (ndani ya siku 180) na nyingine baada, zinafanyika mtandaoni, kwa kawaida dola 10 hadi 50 kila moja, na mwenye kipato cha chini anapunguziwa au anasamehewa akiomba.

Na hiyo robo unayokatwa: inasimama kesi ikifunguliwa. Zaidi ya hapo, kama mdai huyo amekukata jumla ya dola 600 au zaidi ndani ya siku 90 kabla ya kufungua, muulize wakili kama mnaweza kuidai irudi. Kuna hali inarudi. Tunza kila hati ya mshahara inayoonyesha makato.

DerevaWaUsiku

Hili la pesa iliyokatwa kurudi sikuwahi kulisikia.

Mimi naongeza onyo. Kabla ya kufikiria mahakama nilipigiwa na kampuni ya "kupunguza madeni". Wakataka malipo ya kila mwezi, wakaniambia nisiwalipe wadai, wao watazungumza nao. Miezi ikapita, hakuna deni hata moja lililopunguzwa, nikashtakiwa huku wao wameshachukua ada yao. Baadaye ndipo nikajua kwamba tangu 2010 kanuni za Tume ya Biashara ya serikali kuu (FTC) zinazikataza kampuni zinazouza huduma hii kwa simu kuchukua ada kabla hazijapunguza hata deni moja. Anayekuomba ada mbele kwa simu, kata simu.

Kijana_wa_Pwani

Mimi nilifungua Sura ya 7 bila wakili. Hali yangu ilikuwa nyepesi: mseja, sina gari la mkopo, kadi tatu na bili ya hospitali, hakuna mdai aliyenituhumu kitu. Shirika la Upsolve lina programu ya bure ya kujaza fomu kwa kesi nyepesi, na ofisi za msaada wa kisheria kwa wenye kipato cha chini nazo husaidia, hata kliniki za vyuo vya sheria. Kabla ya kumlipa yeyote, ulizeni huko.

Mkutano na msimamizi wengine wanauogopa bure. Siku hizi ni kwa Zoom, dakika chache. Unaapishwa, unaonyesha kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa namba ya Social Security, anauliza kama ulisoma ulichosaini, kama umeandika mali zako zote na madeni yako yote. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alipewa mkalimani kwa simu bila malipo. Kwa hiyo Kiingereza kisimzuie mtu, omba mkalimani mapema.

Lakini kwa MamaTunu, mwenye makato ya mshahara, gari la mkopo na hesabu ya ovataimu, ningemwambia atafute wakili. Na mjihadhari na wajaza fomu wa mitaani. Asiye wakili anaruhusiwa kuchapa unachomwambia tu. Hana ruhusa ya kukuchagulia Sura wala kukuambia mali ipi inalindwa.

Mwanachama_Hai

Naomba niulize jambo ambalo wengi wetu tunalo na hatulisemi. Nina kiwanja nyumbani, kimeandikwa jina la kaka yangu ila pesa ni zangu. Pia nipo kwenye upatu, na kila mwezi natuma kwa wazazi. Haya yanaihusu mahakama ya Marekani kweli?

KaraniWaWakili

Yanaihusu ndugu yangu, na nashukuru umeuliza hadharani.

Sheria inasema mali ya mdaiwa popote ilipo na kwa yeyote aliyeishika. Kiwanja kinaandikwa, na unaeleza kwamba hati iko kwa jina la kaka. Kukiandika si sawa na kunyang'anywa. Msimamizi anapima thamani, kinga ya jimbo lako (kiasi cha mali ambacho sheria inakuachia), na usumbufu wa kuuza ardhi iliyo nchi nyingine. Kukificha ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka 5, na kinachokufikisha huko mara nyingi ni rekodi zako mwenyewe za kutuma pesa za ujenzi.

Pesa za wazazi: fomu inauliza zawadi zinazozidi jumla ya dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka 2. Ukituma 100 kila mwezi umeshapita. Michango ya misiba na harusi nayo, kama imezidi hapo kwa mtu mmoja, iandike. Kutuma matunzo ya kawaida kwa mama yako hakukufanyi mhalifu. Kutuma dola 5,000 kwa mdogo wako wiki tatu kabla ya kufungua kesi ni habari nyingine, msimamizi anaweza kumdai aliyepokea.

Upatu: kama umeshachangia na zamu yako haijafika, unachodai ni mali. Kama zamu yako imepita na bado unachangia, hilo ni deni na wenzako ni wadai, lazima waorodheshwe. Ulichomlipa ndugu wa damu kama deni ndani ya mwaka mmoja kabla ya kesi nacho kinaulizwa.

Haya ndiyo yanayopandisha ada. Wakili akisikia kiwanja nje, biashara ndogo, malipo kwa ndugu, anajua kuna saa za kazi. Mtu akificha ili apate bei ya chini, kesi ikishachafuka wakili anadai kwa saa, na hiyo haimo kwenye ada ya mkataba.

Mwanachama_Hai

Nimekuelewa. Na uhamiaji? Mimi sina uraia.

KaraniWaWakili

Uraia si sharti. Anayeishi hapa au mwenye mali hapa anaweza kufungua. Kama una maombi yanayoendelea uhamiaji, ongea na wakili wa uhamiaji pia, hasa kuhusu kodi zako, maana ritani za kodi zitaangaliwa.

MamaTunu

Nimerudi ndugu zangu. Nilimwona wakili wa tatu, mwanamke, alinikalisha karibu saa nzima. Alianza na hati za mshahara na akagundua yale yale ya Karani: miezi miwili ya ovataimu inaniweka juu kidogo ya kipato cha kati, na mwezi ujao mmoja unatoka. Ada 1,450, nalipa kwa awamu, nimeshaanza. Yule wa "anza bila senti" nilimpigia nikamuuliza swali la Karani. Akaniambia Sura ya 7 "ni ngumu siku hizi". Nikamshukuru, nikakata.

Huyu wa sasa amenipa mkataba wa maandishi. Umo mkutano na msimamizi, umo kurekebisha fomu. Haimo kesi ya mdai akinituhumu udanganyifu, hiyo ni ada tofauti. Pia kasema tufungue mimi na mume wangu pamoja, ada ya mahakama ni ile ile moja. Je, mkataba uko sawa? Na gari?

KaraniWaWakili

Nimefurahi sana dada. Kutoa kesi ya udanganyifu nje ya ada ni kawaida, ofisi nyingi hufanya hivyo. Hatari yake hupungua kama hujatumia kadi kwa anasa ndani ya siku 90 au kutoa fedha taslimu kwa kadi ndani ya siku 70 kabla ya kufungua. Kufungua pamoja ni sahihi kama madeni ya hospitali yana majina yenu wote wawili. Tena wakili lazima aieleze mahakama kwa maandishi amelipwa kiasi gani, na jaji akiona ada imezidi kazi anaweza kuamuru irudishwe.

Kwenye gari uliza kama ada inajumuisha mkataba mpya wa kulikubali deni la gari. Ukiusaini, deni hilo halifutwi: ukishindwa kulipa baadaye wanalichukua gari na bado wanakudai. Kwa hiyo kabla ya kusaini mlinganishe mnachodaiwa na thamani ya gari leo. Likiwa na thamani ya 7,000 na mnadaiwa 12,000, mwambieni wakili ajaribu kujadiliana nao kwanza, au mliachie.

MamaTunu

Tunadaiwa 8,200, na linauzwa kama 9,000. Nitamuuliza Alhamisi.

KaraniWaWakili

Hapo lina mantiki kulibakiza, ila muulize kinga ya gari ya jimbo lenu ni kiasi gani. Na usikose awamu ya gari hata moja. Kadi acha, gari lipa.